Mgeni wa Biashara, Je, Ni Mgeni?



Katika kurasa hizi tumezoea kuongea juu ya ndoa, kilio, majina ya watoto na heshima ya wazee. Mara hii tunataka kuongea juu ya jambo ambalo wengi watasema si la desturi hata kidogo: namna ya kupokea mteja ambaye ametoka inchi ya mbali na amekuja kwetu kwa mkutano wa kazi. Kijana mmoja wa chama chetu, aliposikia kichwa cha habari hii, alisema: "Ba papa, ile ni mambo ya biro, haiko mambo ya ba nkambo." Sisi hatukubali. Mtu akipita mlango wako na kukaa kwenye kiti chako, mambo ya ba nkambo yameisha kuanza, hata kama kiti hicho kiko ndani ya biro.

Tena jambo hili si la watu wakubwa peke yao. Hapa Lubumbashi, na Likasi, na Kolwezi, na mpakani Kasumbalesa, watu wadogo sasa wanakaa meza moja na Mchina, Mhindi, Mzambia, mtu wa Afrika ya Kusini ao Mzungu. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 iliweka kazi ambazo makampuni makubwa yanapeana inje, sawa vile kushona, kupika, kusafirisha na kutengeneza, mikononi mwa makampuni yenye mitaji ya Wakongomani. Kwa hiyo mama mwenye mashini sita za kushona anaweza kuamka siku moja na kuambiwa: kesho mteja anakuja kuona mahali unapofanya kazi.

Viko vitabu vinavyofundisha namna ya kushika mkono wa mteja, namna ya kuvaa na namna ya kupanga meza. Hatuvizarau. Lakini havijibu swali ambalo linatusumbua: mtu huyu ni mgeni wetu, ao ni mnunuzi wetu? Maana kwa mgeni hatuhesabu. Hakuna mtu anayemwambia mgeni bei ya kuku aliyekula. Kwa mnunuzi tunahesabu kila kitu, hata uzi na vifungo. Je, mambo hayo mawili yanaweza kufanyika kwa mtu mmoja, siku moja, bila moja kuharibu lingine?

Tuanze na mafundisho ya wazee. Wengi wetu tulikomalia katika nyumba za Wasanga, Waluba, Walamba, Wayeke, Wabemba na wengine, na kila kabila iko na njia zake, lakini mambo mengi yanafanana. Mgeni akifika, anapewa kiti mbele ya kuulizwa kitu chochote. Anapewa maji ya kunywa, ao munkoyo kama iko. Watu wanamsalimia kwa kupiga makofi polepole, wamejishusha chini. Mtoto anamletea maji ya kunawa, anayamwaga juu ya mikono yake na hamtazami usoni. Kama kuku imechinjwa, finingi yake haiendi kwa mtu yeyote tu, inawekwa mbele ya mkubwa anayeheshimiwa. Na mama mzee mmoja alikuwa akituambia kila mara: "Mugeni akifika, umupe maji kwanza. Maneno itakuya nyuma."

Maneno itakuya nyuma. Sababu gani? Tulipokuwa watoto tulifikiri ni adabu tu. Leo tunaona kwamba kuna akili kubwa ndani yake. Kama tungeuliza kwanza "Umekuja juu ya nini?", mama angejua ni kuku gani achinje. Mtu akisema ameleta mali, kuku kubwa. Mtu akisema amekuja kuomba unga, majani tu. Wazee waliweka chakula mbele ya maneno ili mgeni asinunue makaribisho yake kwa habari aliyoleta. Mwenye faida na mwenye shida wakule sawasawa. Ukaribishaji wa kwetu haukuwa malipo ya kitu.

Hapo tuko na jibu la kwanza. Mteja wa kutoka mbali ni mgeni, lakini hakufanywa mgeni na kontra iliyo ndani ya sakoshi yake. Ni mgeni kwa sababu ni mtu aliyesafiri, ambaye hajui choo iko wapi, hajui maji gani ni mazuri ya kunywa. Na mtu akitaka kujua kama anakaribisha kweli ao anatega mtego wa falanga, ajipime kwa jambo moja: dereva wa huyo mteja iko wapi? Mara ngapi tumeona mkubwa amekaa ndani kwenye upepo wa ventilateri, na dereva aliyemleta amekaa inje kwenye jua toka saa tatu mpaka saa nane, hakuna mtu aliyemletea hata kopo la maji! Na mwenye kutafsiri anaongea kutwa nzima, sahani yake inapoa, hakuna anayemwambia "kula kwanza". Wazee walilisha mtu na mbeba mizigo wake. Kama tunalisha tu yule mwenye kutia sahihi, basi tumelisha sahihi, hatukulisha mtu.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe, ambalo lilitupata sisi.

Mmoja wetu, mama mwenye atelie ya kushona, alipata habari kwamba mteja wa kutoka inje anakuja kuona kazi yake. Alitaka salopeti 600 za wafanyakazi wa mgodi, zenye mikanda ile inayong'aa usiku. Mama alikuja kwetu: "Munisaidie, ni haya nikimupokea vibaya." Tulifurahi kumsaidia. Tulileta viti na vitambaa vya meza. Tulichinja kuku tatu, tulinunua samaki kubwa na vinywaji vya kutosha. Na kwa sababu atelie ilikuwa na mashini sita tu, tuliazima nne kwa majirani, tukazipanga kwenye mustari pamoja na zile zingine. Tuliona kuwa ni heshima. Mtu akitoka mbali, asikute nyumba tupu.

Mteja alifika kwa saa aliyosema. Alikula vizuri, akacheka nasi, akajaribu bukari kwa mkono na akashukuru. Kiisha akauliza: munashona ngapi kwa siku? Tukatazamana. Mashini sita zilikuwa zinatoa salopeti 12 kwa siku, na hiyo ni siku ambayo hakuna delestaji. Mmoja wetu akajibu: 25. Mteja akauliza: ndani ya mwezi mmoja mutamaliza? Tukasema ndiyo. Tulisema ndiyo sote pamoja, kwa sauti nzuri, sawa watu wanaoitikia wimbo.

Jioni mashini nne zilirudi kwa wenyewe.

Msomaji anaweza kumaliza habari hii bila sisi. Mwezi ulifika mwisho, salopeti zilikuwa hazijafika 300, na nyingi zilishonwa usiku na watu waliochoka. Mikanda ilipinda. Mteja alikubali 190 tu. Na wale wafanyakazi waliokuwa wanangojea mavazi waliendelea kwenda kazini na nguo za zamani zilizopasuka. Hao hatukuwahi kuwaona, lakini uongo wetu uliwafikia.

Mteja hakutukana. Alisema neno moja tu, kupitia kwa mwenye kutafsiri: "Mungeniambia 300, ningechukua 300."

Jambo la pili lilisemwa na binti mmoja kati ya wale sita wa atelie. Maana, tuseme yote: kuku na samaki na vinywaji vilinunuliwa kwa mshahara wao. Walikuwa wameambiwa wangojee siku kumi, kwa sababu mgeni anakuja. Siku ile salopeti ziliporudishwa, binti aliuliza polepole, bila hasira: "Mama, ile kuku ya bageni, ilikuwa ya nani?"

Hakuna aliyejibu. Tangu hapo swali lile limekaa katikati ya mikutano yetu ya chama, na ndilo lililotufanya tuandike kurasa hizi.

Tuliongea sana. Mzee mmoja alitetea ile ndiyo yetu. Alisema: kwetu hatumwambii mgeni "hapana" mlangoni. Tunamwambia "tutaona", ao "itafanyika", na mtu mwenye kukomaa anasikia maana yake kwa sauti na kwa macho. Hiyo si uongo, ni adabu. Maneno ya mzee yana ukweli. Kati ya watu wa mji mmoja, "itafanyika" inaweza kuwa njia ya kusema "usiningojee". Wote wawili wanajua. Lakini mtu aliyetoka mbali hajui. Anachukua ile ndiyo, anaiandika ndani ya karatasi pamoja na tarehe, na kwa tarehe hiyo anaahidi watu wengine. Adabu ni luga. Ukisema na mtu kwa luga asiyoijua, na wewe unajua kwamba haijui, kiisha unapata faida kwa kutojua kwake, hapo adabu imekwisha. Umemdanganya.

Mwingine alisema: lakini kuazima si vibaya, hata wazee waliazima kuku kwa jirani wakati mgeni alifika usiku. Ni kweli. Lakini tofauti iko hapa: aliyeazima kuku alimlisha mgeni kuku ya kweli. Mgeni alishiba. Sisi tuliazima mashini ili mgeni aone nguvu ambayo hatuna. Kuku ya kuazima inaingia katika tumbo la mgeni. Mashini ya kuazima inaingia katika akili yake, na inamla.

Ndipo mama mmoja akatukumbusha kitu ambacho sote tulikijua na tulikuwa tumekisahau. Katika nyumba zetu, mama akiweka sahani mbele ya mgeni, anasema neno la kuomba radhi: "Mutusamehe, leo iko paka lengalenga." Hata kama kuna kuku, anasema chakula ni kidogo. Siku ambapo ni lengalenga kweli, anasema neno lile lile na mgeni anaona kwa macho yake kwamba ni kweli. Hakuna haya. Wazee hawakuficha chungu. Kumficha mgeni hali ya nyumba ni jambo tulilojifunza baadaye, mjini, pengine katika miaka ile ambapo mtu mweusi alipaswa kujionyesha mbele ya wakubwa wa kikoloni ili ahesabiwe kuwa mtu. Tulirithi haya ile, tukaiita desturi.

Basi hili ndilo tunalosema: mgeni wa biashara ni mgeni, na makaribisho ya kwanza anayostahili ni kupokelewa katika nyumba uliyo nayo, si katika nyumba unayotamani aione. Ukweli juu ya mashini zako ni sehemu ya makaribisho, sawa vile maji ya kunawa. Na chakula unachompa kitoke kwa mkono wako, si kwa mshahara wa mtoto aliyekaa nyuma ya mashini. Anayekaribisha kwa mali ya mdogo wake hakukaribisha kitu. Amemnyanganya mmoja ili ampendeze mwingine.

Mtu atauliza: na mgeni je? Yeye hana deni? Iko nalo, na historia ya inchi yetu inalionyesha wazi.

Mwami Msiri wa Bunkeya, mahali ambapo leo ni ndani ya jimbo la Lualaba, alianza yeye mwenyewe kama mgeni wa biashara. Jina lake lilikuwa Ngelengwa, mtoto wa mfanya-biashara Kalasa, na alitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akifuata shaba na pembe za tembo. Wakubwa wa inchi hii walimpokea. Lakini mgeni aliendelea kukaa, akapata bunduki, akawa mtawala juu ya wenyeji wake, na wengi waliteswa na kuuzwa chini ya utawala wake. Kiisha naye akawa mwenyeji. Mwaka 1886 alimpokea Frederick Arnot, mhubiri kutoka Uingereza, akamruhusu kukaa. Mwaka 1890 alifika Alfred Sharpe na karatasi ya Waingereza. Msiri alikataa kuitia sahihi. Mwaka 1891 wakafika watu wa Mfalme Leopold II: Le Marinel, Delcommune, na mwishoni, tarehe 14 Desemba, Stairs. Siku sita nyuma ya hapo, tarehe 20 Desemba 1891, Msiri alipigwa risasi na Kapiteni Bodson, mmoja wa wale waliofika pamoja na Stairs, na Bodson pia akafa hapo.

Hatusemi Msiri alikuwa mtu mwema. Tunasema kwamba katika habari hii, mara mbili, mgeni alikuwa na neno ambalo hakulitoa lote wakati wa kupokelewa. Wazee walisema maneno yatakuja nyuma. Hawakusema maneno yasije. Nyuma ya chakula, mwenyeji iko na haki ya kuuliza: sasa tuambie, umekuja juu ya nini? Karatasi hii inasema nini, kwa luga ninayoisikia? Mgeni anayekula na kukataa kufungua mzigo wake anavunja desturi sawa na mwenyeji anayeazima mashini. Ukweli ni deni la wote wawili.

Kwa hiyo, tukirudi kwa mambo ya kila siku, tunapenda kutoa mashauri machache kwa ndugu zetu wenye kupokea wateja.

Uliza mbele ya siku. Wahindi wengi hawakuli nyama. Mwislamu hakuli nguruwe, na hafurahi kuwekewa pombe mbele yake. Kuuliza si haya. Haya ni kumtazama mtu ameketi mbele ya sahani asiyoweza kuigusa. Weka kijiko kando ya bukari, na usimcheke mwenye kukitumia.

Peana na pokea kwa mikono miwili. Wachina wanapeana karti zao za jina kwa mikono miwili, na kwetu mtoto anafundishwa kupokea vilevile. Hapo hatuna kitu cha kujifunza upya, ni kukumbuka tu. Na ndugu wa Zambia, wengi wao wanasikia Kibemba. Salamu moja kwa Kibemba inafungua njia ambayo Kifaransa hakiwezi kufungua.

Shika saa. Watu wengine wanapima heshima kwa saa, sawa vile sisi tunaipima kwa salamu. Lakini nao wapewe salamu yetu: usiruke kuuliza juu ya safari na jamaa ukikimbilia bei. Dakika kumi zinatosha.

Ukiongea kupitia mwenye kutafsiri, mtazame mgeni. Sema maneno mafupi. Na umwachie mwenye kutafsiri nafasi ya kula.

Chakula kiende kwanza, bei ije nyuma, na visichanganywe. Usimwambie mtu wakati wa kubishana bei: "Lakini tulikulisha vizuri." Ukisema hivyo umeuza kuku yako, tena bila kumwambia bei mbele. Na zawadi itolewe mchana, mbele ya wote, iwe kitu ambacho mtu anaweza kuonyesha nyumbani kwake. Zawadi inayopita chini ya meza ili neno fulani lisiulizwe haina jina la zawadi. Jina lake tunalijua wote: ni matabishi.

Mwishoni, sema hali ya nyumba mbele ya kuulizwa. Mashini ngapi, watu wangapi, umeme unakatika mara ngapi, bidhaa zinakawia mpakani siku ngapi. Sema "hapana" yako kwa heshima, lakini isikike kuwa ni hapana. "Mutusamehe, kwa mwezi mmoja tunaweza 250." Hiyo ndiyo lengalenga ya biashara.

Yule mama wa atelie alipata mteja mwingine. Hakuwa tajiri sawa na yule wa kwanza. Mashini zilikuwa sita, na viti vilikuwa vile vya atelie. Mama aliweka bukari, sombe na kapenta, na wale mabinti sita walikula chakula kile kile, saa ile ile, pamoja na dereva. Mteja alipouliza wanashona ngapi kwa siku, mama alimtazama yule binti na kusema: "Umujibu weye." Binti akajibu: "Kumi na mbili. Siku courant inakatika, sita." Mteja aliandika hesabu hiyo, akaagiza salopeti 80.

Themanini ni kidogo. Mmoja wetu alisikitika, akasema kwamba tukisema kweli tutabaki wadogo siku zote. Pengine. Hatuwezi kuahidi kwamba ukweli unaleta utajiri. Lakini salopeti 80 zilitoka kwa siku iliyosemwa, na mishahara ilitolewa mwisho wa mwezi.

Waswahili wanasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulikuwa tunafikiri maana yake ni kwamba mgeni analeta kitu mkononi. Sasa tunaisikia kwa njia nyingine pia. Mgeni anapouliza "munaweza ngapi?", anampa mwenyeji nafasi ya kujua hesabu yake mwenyewe na kuisema bila haya. Kwa ugonjwa ule uliotupata sisi, hiyo ilikuwa dawa.